Sarafu ya Elkana

Jumatatu asubuhi Pyarali alikuta nukta tatu za chaki kwenye panga la kwanza la propela, akajiambia ni uchafu. Mtu mwenye lake rohoni huwa hodari wa kuita alama uchafu. Akachukua kitambaa, akazifuta, akaenda kuchemsha maji ya chai.

Karakana yake iko Downsview, mtaa wa Toronto, nyuma ya ghala la magodoro. Kwa miaka ishirini na mitatu amekuwa akinunua propela zilizokwisha kutumika, anazitengeneza na kuwauzia wenye ndege ndogo. Ni mzaliwa wa Tanga, mtu wa miaka sitini na sita, mpole, nadhifu, mwenye sifa nzuri msikitini. Mkewe Fizza hukaa chumba cha mbele akipokea simu. Na wa tatu wao, kwa miaka kumi na tisa, alikuwa Elkana.

Elkana alikuwa Mkisii wa Nyamira, na ndiye peke yake mle ndani aliyekuwa na leseni ya kukagua. Pyarali alijua kununua na kuuza. Elkana alijua kusikiliza. Alikuwa na sarafu ya shilingi tano ya Kenya, ile ya zamani yenye pembe saba, na kwa sarafu hiyo aligonga mapanga ya propela, moja baada ya jingine, kutoka kwenye kitovu mpaka nchani, anagonga, anatulia, anasikiliza. Akisikia sauti safi, ko, aliweka nukta ya chaki. Akisikia sauti iliyokufa, sauti ya kitu kilichoachana kwa ndani, aliizungushia nukta ile duara. Propela yenye duara haikutoka mlangoni hata mwenyewe akigaagaa sakafuni.

"Boss, hii kitu ni kama tikiti," alipenda kusema. "Nje inakaa poa tu. Lakini ukiigonga, inakuambia ukweli."

Propela iliyokuwa kwenye stendi Pyarali aliinunua Desemba kwa mzee mmoja wa Saskatchewan aliyekwisha kuacha kuruka. Ilikuwa nzuri kwa macho. Lakini propela za aina ile zina agizo la usalama: kila ikitimiza saa mia hewani, lazima ishushwe, mapanga yagongwe, na kitovu kinachoyashika kitafutwe ufa. Si mara moja ukamaliza. Kila saa mia, umri wake wote. Ufa Elkana aliutafuta kwa rangi nyekundu: anaipaka, anaifuta, ananyunyiza unga mweupe, anangoja. Ufa ukiwapo, hata mwembamba kama unywele, ile rangi iliyojificha ndani hujitokeza juu ya unga.

Jumanne moja ya Januari Elkana aliifunga propela ile kwenye stendi. "Kesho naianza, boss," akasema, akavaa koti. Kesho yake hakuja. Moyo ulisimama akiwa anafunga kamba za viatu. Wakenya wa Toronto walichanga, mwili ukarudishwa Nyamira, na kwenye ibada ya kumuaga, katika kanisa la Waswahili kule North York, Pyarali alimwona mjane wake, Moraa, akiitia ile sarafu kwenye mfuko wa koti la marehemu. Kwa hiyo sarafu ilikuwa chini ya udongo, na Pyarali alilijua hilo vizuri.

Mwenye kuingoja propela alikuwa Brice, kijana wa Bukavu anayepakua mizigo kwenye maghala ya Malton na ambaye kwa miaka minane amejinyima mpaka akapata leseni ya urubani na kindege kikuukuu cha viti vinne. Alikuja wiki mbili baada ya mazishi, kofia mkononi.

"Papa Pyarali, pole sana ya Papa Elkana. Lakini hélice yangu, ile propela, iko tayari? Nilimuahidi mama kumupandisha ndege hii samedi, Jumamosi inayokuja. Mama alitoka Bukavu na miguu, Papa. Na miguu! Nataka siku moja tu azunguke dunia akikaa."

Hapo ndipo pa kusema hapana. Kumpata mkaguzi mwingine kungechukua miezi miwili, na neno lenyewe lilikuwa jepesi: bado. Lakini Pyarali ni katika watu wasioweza kumwona mtu akihuzunika mbele yao, na upole wa namna hiyo umeua wengi.

"Njoo Ijumaa uichukue," alisema.

Brice alipoondoka, Pyarali alifungua droo ya juu ya meza ya ofisini. Muhuri wa Elkana ulikuwamo bado. Akafungua daftari la propela, akaandika kwamba mapanga yamegongwa na kitovu kimetafutwa ufa, akaweka tarehe ya Jumanne ile, siku ambayo Elkana alikuwa hai, akapiga muhuri, kisha akaiga sahihi aliyoiona kwa miaka kumi na tisa. Elkana angeikagua tu, alijiambia, na ingepita tu. Mkono haukutetemeka. Baadaye hilo ndilo lililomwuma kuliko yote, kwamba mkono haukutetemeka hata kidogo.

Sasa ilikuwa Jumatatu ya wiki ya ahadi, na nukta tatu za chaki zilikuwa zimefutwa.

Jumanne alikuta panga la kwanza limejaa nukta mpaka nchani, na la pili limefika nusu. Chai ikamshinda. Alikuwa anafuta kwa haraka, kama mwizi anayefuta alama za viatu vyake, Fizza alipomwita kutoka mbele.

"Pyarali! Unagonga nini huko?"

"Mimi? Sigongi kitu. Labda bomba la joto."

Fizza akaja mlangoni, miwani juu ya paji la uso. "Bomba haligongi hivyo. Huyu anagonga, ananyamaza, anasikiliza. Halafu anagonga tena." Akavuta pumzi puani. "Na hii harufu?"

Pyarali alikuwa ameisikia tangu alfajiri. Ilikuwa dawa ya kuchua, ile kali ya kopo dogo ambayo Elkana alijipaka magotini kila siku ya baridi. Chini yake kulikuwa na harufu nyingine, ya udongo mwekundu uliokwisha kunyeshewa. Na nje theluji ilikuwa imefika magotini na ardhi ya Downsview ilikuwa ngumu kama jiwe.

"Sisikii kitu," alisema.

Jumatano, saa sita mchana, taa zote zinawaka na lori la magodoro linapakiwa hapo nje huku watu wanacheka, Pyarali alisimama hatua tatu kutoka kwenye stendi na kisu cha kukwangulia rangi mkononi, na panga la tatu, ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameligeuza litazame chini, likaanza kupanda polepole bila mtu kuligusa, likapanda mpaka likalala sawa na kifua chake, kama Elkana alivyokuwa akiliweka ili asiinamishe mgongo, kisha likatulia, na karibu kabisa na kitovu ikasikika ko, na pale iliposikika pakatokea nukta nyeupe, na kimya kikafuata, kimya cha mtu aliyeinamisha sikio, halafu ko nyingine mbele yake kidogo, na nukta nyingine, na Pyarali akabaki amesimama anazitazama nukta zinavyokwenda zake kuelekea nchani, moja, moja, bila pupa, mpaka zikaisha, na ile harufu ya dawa ikamsogelea, ikampita begani, ikarudi kwenye kitovu ikakaa hapo. Kwenye kitovu hapakugongwa. Palikuwa panangojwa.

Alirudi mbele akiwa hana damu usoni. Fizza alinyanyua simu akampigia Bi Ummulbanin.

Bi Ummulbanin ni mtu wa Unguja, mganga wa kusomea majini, mwenye miaka themanini kasoro mmoja, anakaa ghorofa ya kumi na mbili huko Malton, mahali ambapo ndege zikishuka vikombe hulia kabatini. Watu wetu humcheka mchana na kumpigia jioni. Alhamisi alifika kwa mabasi mawili, kikapu mkononi, akapangusa theluji kwenye baibui na kuitazama dari.

"Shikamoo, Bi," alisema Pyarali.

"Marhaba, baba. Humu sichomi ubani. Hivyo vidude vya moshi mmevitundika kama popo! Mwaka juzi n'lichoma kwa watu Brampton, zimamoto wakaja na magari mawili. Jini kabaki, mie n'katimka."

Fizza alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza wiki ile. Lakini bibi alipoingia karakana aliacha mzaha. Alivuta kiti, akakaa mbele ya propela, akainamisha kichwa kwa muda mrefu.

"Ni Elkana, Bi?" Fizza alinong'ona. "Amerudi?"

"Wafu hawarudi, mwanangu. Lakini kila binadamu huzaliwa na mwenziwe wa kijini, humfuata maisha yake yote, hujifunza mwendo wake na kazi yake. Mtu akifa, mwenziwe hafi. Wengi huenda zao. Ila huyu amebaki, na anayebaki huwa kuna kazi haikwisha." Akamgeukia Pyarali. "Iko kazi haikwisha?"

"Iliisha, Bi," alisema Pyarali. "Imeandikwa kwenye daftari."

Bibi akavuta kikapu. Alitoa kwenye kikapu sahani nyeupe, zafarani iliyorowekwa, kijiti, chupa ya marashi ya mawaridi na kipande cha bafta nyeupe. Akaandika aya kwenye sahani kwa zafarani, mstari juu ya mstari, midomo ikicheza, kisha akaiosha kwa marashi mpaka maandishi yote yakawa maji ya manjano iliyokolea. Kombe la namna hii kwa kawaida hunywewa na mgonjwa. Safari hii alilimwaga juu ya kitovu cha propela, likatiririka pande zote, akakipangusa kikakauka, akakivika ile bafta akaifunga kwa nguvu.

"Sasa tungoje," alisema, akaanza kusoma.

Saa nane mchana alifungua kitambaa. Katikati ya weupe wa bafta kulikuwa na mstari mmoja wa zafarani, urefu wa kidole, mwembamba kama unywele. Bibi akakunja uso. Akapangusa kitovu tena kikawa safi, akaibandika bafta upande mwingine, akabonyeza kwa kiganja. Mstari ukatoka palepale.

"Hii sijaiona," alisema kwa sauti ndogo. "Kombe halichori."

Pyarali alikuwa ameshaketi sakafuni. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Kupaka, kufuta, kuweka cheupe, kungoja: ndiyo kazi ya Elkana ile ile, ila kwa zafarani. Kitovu kilikuwa na ufa. Kesho Brice angekuja na gari la kuazima, fundi wake angeifunga propela, na Jumamosi asubuhi Goretti, mama aliyetoka Bukavu kwa miguu, angevaa kitenge chake kizuri na kupanda kando ya mwanawe, na kitovu kingepasuka juu ya ziwa. Akajiona yeye na kisahihi chake.

"Mpigie kijana," alisema Fizza. "Mpigie sasa hivi."

Alipiga. Makelele ya ghala yalisikika nyuma ya Brice.

"Brice, usije kesho. Propela ina ufa."

"Ufa?" Brice alipaza sauti juu ya makelele. "Papa, lakini ulinitumia photo ya carnet, ile daftari. Cachet, muhuri ya Papa Elkana, iko pale. Walikagua."

Fizza alikuwa anamtazama. Bi Ummulbanin alikuwa anamtazama. Na nyuma yao, kwenye kitovu, ile harufu ya dawa ya kuchua ilikuwa imesimama kama mtu mwenye kofia mkononi. Ilikuwa sentensi moja tu. Pyarali aliifungua kinywani, akaionja, akaimeza.

"Elkana hakuuona," alisema. "Alikuwa mgonjwa siku zile. Ulimpita."

"Eh, Mungu wangu." Brice alivuta pumzi. "Mungu amusamehe. Na wewe Mungu akubariki, Papa. Umetuokoa, mimi na mama."

Alipokata simu, karakana ilikuwa kimya, na harufu haikuwapo tena. Fizza alilia kwa furaha. "Ameondoka, Bi?"

"Amenyamaza," alisema bibi, anapanga vitu vyake kikapuni. Mlangoni alimshika Pyarali kiwiko. "Baba, mie husoma, sihukumu. Lakini lile neno lako la mwisho halikunikaa vizuri sikioni." Akatoka akaenda kungoja basi.

Propela ilikatwa vipande, Brice akarudishiwa chake, na Pyarali akaanza kulala. Hata Jumatatu, jioni ya saa kumi na mbili, yuko mezani na Fizza amempakulia kuku wa nazi, alisikia kitu baridi kimemgusa kwenye ugoko. Ko. Kikatulia. Ko, juu kidogo. Alivuta suruali akaziona nukta mbili nyeupe, akaisukuma sahani. Alihesabu kwa vidole. Kutoka Alhamisi saa nane mchana mpaka pale zilikuwa zimepita saa mia kamili.

Saa mia nyingine zikafika, na nyingine, na nyingine. Kila zikifika alikaguliwa, kuanzia alipoachwa mara ya mwisho, kwa utaratibu, bila hasira. Goti, paja, nyonga. Huo ndio uliokuwa uchungu wake, kwamba hakikuwa na hasira. Angepigwa makofi angeona afadhali. Nukta alizifuta bafuni kwa sabuni, na Fizza alizikuta kwenye taulo.

"Pyarali, kuna nini hujaniambia?"

"Hakuna."

Fizza alimpigia bibi tena, kwa kificho. Bi Ummulbanin alikataa kuja. "Huyo hatoki kwa kombe, mwanangu," alisema. "Huyo yuko kazini."

Mara ya tano iliangukia Alhamisi saa nne asubuhi. Pyarali alikuwa amejifungia ofisini akiingoja, mikono juu ya meza, pale Fizza alipobisha. "Moraa yuko hapa."

Alikuwa amevaa nguo nyeusi na viatu vya mpira vya kazini, vile vya nyumba ya wazee anakohudumia. Alikataa kiti, kisha akakaa ukingoni mwake.

"Mzee, sitakupotezea muda," alianza. "Goretti tunakaa na yeye benchi moja kanisani. Ameniambia. Ati Elkana alitia sahihi kwenye daftari na akaacha ufa, karibu kijana afe na mamake."

Ko. Ubavu wa chini, kushoto. Pyarali hakusogea.

"Sikuamini," alisema Moraa. "Mtu ambaye hata nyumbani alikuwa anagonga sufuria kabla aninunulie. Lakini wewe ulikuwa na yeye miaka kumi na tisa. Huwezi kumsingizia."

Ko. Ubavu uliofuata.

"Nilimzika na ile sarafu nikidhani ninamheshimu. Sasa kila nikifunga macho naona watu wakianguka. Kwetu, mtu akienda na kosa, sisi tuliobaki ndio tunamtafutia radhi, ama hapumziki." Akateremka kwenye kiti, akapiga magoti kwenye zulia la ofisi, mama mzima, mikono ameifumba. "Nimekuja kuomba msamaha kwa niaba yake. Sema tu umemsamehe, mzee. Mwezi wa nne naenda Nyamira, nitampelekea hayo maneno kaburini."

Ko. Ko. Karibu na moyo sasa, na kimya cha kusikiliza. Dawa ya kuchua ilijaa ofisi nzima. Pyarali alimwona mwanamke yule amepiga magoti mbele yake, mbele yake yeye, na ukweli ukapanda mpaka kwenye meno, neno fupi tu, mimi, ni mimi, na nyuma ya neno hilo akaona leseni ya karakana inachukuliwa, watu wa msikiti wananyamaza akiingia, Fizza anavua miwani na kumtazama kama mgeni.

"Inuka, Moraa," alisema. "Nimemsamehe."

Sarafu ikagonga katikati ya kifua chake. Haikulia ko. Ililia sauti iliyokufa, nzito, kama tikiti lililooza.

Moraa aliinua kichwa. Alikuwa ameishi na sarafu ile miaka ishirini na saba, jikoni, sokoni, kwenye ukuta wa kila nyumba waliyotaka kupanga. Macho yake yakatua kwenye shati la Pyarali, shati jeusi la kazi lililopigwa pasi, ambapo nukta nyeupe ilikuwa imetokea kwenye kifungo cha pili. Kisha kando ya nukta ukaanza mstari wa chaki, ukajikunja, ukazunguka taratibu, mkono wa fundi asiye na haraka, mpaka mwisho ukakutana na mwanzo.

Hakupiga kelele. Alisimama kutoka magotini, akajipangusa sketi, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya mtu anayeomba.

"Huo mkono naujua," alisema. "Nipe hilo daftari, mzee. Nataka kuona sahihi."

Pyarali akanyoosha mkono kwenye droo ya juu, na safari hii mkono ulitetemeka.